Ukuta wa Nikahi

Kwanza tulisikia mtu akiketi. Ndivyo masikio yetu yalivyoielewa sauti ile: kishindo kizito lakini cha upole, kikifuatwa na pumzi ndefu, kama mwanamke mnene aliyetembea kutoka mbali na sasa amejibwaga mkekani bila kungoja kukaribishwa. Mama alikuwa uani akichagua mchele. Hakuinua hata uso.

"Karibu!" aliitikia. "Kaa, nakuja."

Mgeni hakujibu. Mama akaniashiria kwa kidevu niende nikamwamkie, nami nikafuta mikono, nikavuta kanga begani, nikaingia sebuleni shikamoo ikiwa tayari mdomoni. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na vumbi tu, limesimama katikati ya chumba kama moshi wa ubani, na mwanga wa dirishani ukipita ndani yake. Lilipotua nikaona. Plasta ya ukuta wa kibla, kutoka usawa wa dirisha hadi sakafuni, upana wa mikeka miwili, ilikuwa imeachia na kukaa chini. Nyuma yake yalionekana matofali mabichi ya udongo, mekundu, yametoa macho kama watu waliofumaniwa wakioga.

"Ni nani?" Mama aliuliza kutoka uani.

"Ni ukuta," nikasema.

Ilikuwa masika ya mwaka wa tisini na mbili, mfungo mosi, mtaani kwetu Biryogo. Zilikuwa zimebaki siku kumi ndoa ya dada yangu ifungwe. Ingefungwa Ijumaa, baada ya swala, katika sebule ile ile, na mbele ya ukuta ule ule ndipo ingetandikwa mikeka ya shehe, ya walii na ya bwana harusi.

Mama alikuwa mjane wa miaka minne. Nyumba ile marehemu baba aliijenga kwa mikono yake. Udongo aliuchimba uani, akaukanyaga, akaufyatua matofali, na shimo lililobaki likawa dimbwi la bata wetu kwa miaka mingi. Mama hakuwa mtu wa kutaka makubwa. Alitaka jambo moja tu: bintiye wa kwanza aozwe ndani ya nyumba ya baba yake, si ya mtu mwingine. Na mtu mwingine alikuwepo. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa walii wa dada. Alikuwa na nyumba ya saruji kule juu Nyamirambo, yenye sakafu nyekundu iliyong'arishwa hadi wageni wakajiona nyuso, na mke aliyejua kuwaonyesha watu sakafu hiyo bila kuitaja. Tangu posa ipokelewe, Baba mkubwa alikuwa akisema kwa huruma kwamba nyumba yetu ni ndogo.

Habari za ukuta zilimfikia kabla ya Adhuhuri. Alikuja na fimbo yake, akayachokoa matofali moja baada ya jingine kama mganga wa meno, akaguna.

"Shemeji," akasema, "Mungu ametupa ishara. Nikahi isomwe kwangu."

"Mungu ametupa mvua, shemeji," Mama akajibu. "Ya ishara usimwongezee."

"Mashehe wataegemea nini? Matope?"

"Wataegemea ukuta. Nipe siku."

Baba mkubwa alikuwa mtu wa haki, na hiyo ndiyo iliyokuwa taabu yake maisha yote. Kila alipokaribia kushinda, haki ilimshika kanzu kwa nyuma. Alifikiri, akahesabu vidole.

"Alhamisi ya wiki ijayo, kabla ya Magharibi, nitakuja kuutazama. Ukiwa umesimama na umekauka, Ijumaa tunasoma hapa. La sivyo, mikeka inapanda Nyamirambo."

Mama akampa mkono kupitia kanga, wakakubaliana.

Kazi ya kutafuta fundi nilipewa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari, na mchana kutwa nilikuwa nimelala kifudifudi nikisoma riwaya. Mama aliamini kwamba mtu anayesoma habari za watu wengi hivyo lazima ajue kuchagua mtu. Hilo ni kosa ambalo nyumba zisizo na vitabu hulifanya kuhusu vitabu.

Mafundi walikuwa wakikaa kando ya barabara, chini ya msikiti, kila mmoja na mwiko wake mbele yake juu ya mfuko wa saruji uliokunjwa. Siku ile walikuwa wanane. Saba waliniuliza ukuta una mita ngapi. Wa nane, mtu wa Bukavu aliyevaa kofia ya manyoya na viatu vyeupe, alinitazama kwa muda, kisha akauliza kwa sauti ya msiba:

"Ile ukuta, dada, ilianguka namna gani? Kwa kasirani ao kwa huzuni?"

Nikamchukua huyo.

Nyumbani alizunguka chumba mara mbili bila kugusa kitu. Aliuweka mkono juu ya matofali ya baba, akafumba macho. Mama alinisogelea sikioni.

"Huyu ni fundi au ni mganga?"

"Ni msanii, Mama."

"Mimi nimekutuma fundi."

Alitaka saruji. Saruji wakati ule, na vita vya kaskazini vimefunga barabara, ilikuwa ya kubembeleza. Lakini Mama alikuwa na mfuko mmoja chini ya kitanda, aliouweka kwa ajili ya sakafu ya jikoni. Aliutoa mwenyewe, akiuburuta kama mbuzi wa sadaka. Na fundi akafanya kazi. Siwezi kumsingizia: alifanya kazi vizuri. Mwiko ulizunguka mkononi mwake kama mkono wa mtu anayesimulia, na kweli alikuwa akisimulia. Alitueleza kuta alizozivalisha Bukavu, Uvira na Goma, kuta za mapadri, kuta za wake wa wakubwa, ukuta mmoja wa mgonjwa ambaye alipona kwa kuutazama tu.

"Plasta ni kama mapendo," alisema, akirudi nyuma kuitazama kazi yake. "Kama pale chini hakuna kitu ya kushika, huku juu ni kujidanganya."

Nikakimbilia daftari langu nikaandika maneno hayo. Laiti ningeyasikiliza badala ya kuyaandika! Kwa maana alipokuwa akiyasema, alikuwa anaipaka saruji juu ya udongo mtupu, laini, uliolowana kwa mvua ya wiki mbili, bila hata kuuchanja.

Jumamosi ukuta ulikuwa umekwisha, wa kijivu, laini, wenye ubaridi wa kitajiri. Majirani walikuja kuugusa. Mama naye aliugusa, akasema kwa sauti ndogo, "Na sisi tuna saruji," akajipangusa mkono kwenye kanga ingawa haukuwa na kitu. Jumapili jioni niliugonga kwa bahati mbaya kwa mpini wa ufagio, nao ukaniitikia kama pipa tupu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba kuta za kisasa ndivyo zinavyoongea.

Jumatatu asubuhi, mbele ya macho yetu, ukuta uliinama. Uliinama taratibu, kama mzee anayetafuta kiatu chake, ukasita kidogo, kisha saruji yote ikatoka kwa kipande kimoja na kulala kifudifudi sakafuni, nzima, kama mlango. Bata walikimbia uani. Nikakimbia kumwita fundi.

Alikuja, akavua kofia, akaitazama kazi yake chini. Akaizunguka.

"Angalieni vizuri," akasema. "Kazi yangu haikuvunjika. Iko nzima! Ni ukuta ndiyo imetoka nyuma yake."

"Baba," Mama akasema, "mimi nina nikahi Ijumaa."

"Mama, naenda kutafuta dawa ya kushikisha. Sitachelewa."

Akaondoka na viatu vyake vyeupe. Wala sidhani alituongopea. Nadhani bado anaitafuta.

Wakati huo huo ndipo alipoingia mama wa maziwa. Huyu alikuwa mwanamke mtu mzima, mkavu, mrefu, Mkatoliki wa Kinyinya, ambaye kila asubuhi aliteremka vilima na kupanda vingine akiwa na chombo cha maziwa kichwani, na sisi tulikuwa wateja wake wa mwisho. Aliutua mzigo, akaitazama saruji iliyolala, akautazama ukuta ulio uchi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango.

"Yampayinka!" akamaka kwa lugha ya kwao. "Nani alivalisha udongo koti ya mawe? Udongo inapumua. Saruji haipumui. Hawa wawili utawalaza kitanda moja namna gani?"

Mama hakucheka. Alikuwa amekaa juu ya kinu, mikono imelala mapajani, na nilimwona kwa mara ya kwanza akiitazama barabara ya kwenda Nyamirambo kama mtu anayeipima urefu.

"Wewe unajua kukandika?" akauliza.

"Kwetu mwanamke akiolewa anakandika nyumba yake," mama wa maziwa akasema. "Mimi nimeolewa mara mbili."

"Itakauka kabla ya Alhamisi jioni?"

Mama wa maziwa aliacha kucheka. Akachukua kipande cha udongo wa ukutani, akakisaga kwa vidole, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Udongo nzuri. Nikichanganya na majani, majani inataka wiki mbili yaoze kwanza, ndiyo ishike. Nikichanganya na amase, siku mbili tu."

Amase ni mavi mabichi ya ng'ombe. Sote tuliokuwepo tulilijua neno hilo, na sote tukamwona, bila kumtaja, Baba mkubwa na kanzu yake nyeupe. Kwa watu wa dini yetu mavi ya ng'ombe ni najisi. Yakikugusa mabichi, huswali mpaka uoshe. Na ule ulikuwa ukuta wa kibla, ukuta wa kuegemewa na mashehe.

Mama aliinuka kutoka kwenye kinu.

"Lete," akasema.

"Kidogo?"

"Lete ya kutosha."

Kesho yake alichelewa, na alipofika alikuwa amebeba kapu kubwa lililofunikwa majani ya mgomba na uso wa mtu aliyekula kitu kitamu. Alikuwa amesimamishwa kwenye kizuizi cha wanajeshi.

"Ananiuliza, iko nini humo? Namwambia, amase. Anasema, mama, unanidanganya, nani anatoa mavi kijijini anapeleka mjini? Namwambia, mjini munajua kufanya yote, lakini hii hamuwezi. Akakasirika. Akaingiza mkono. Mpaka hapa!" Alijionyesha kwenye kiwiko. "Akautoa, akauangalia, akaniambia, pita haraka. Namwambia, asante mwanangu, na usinawe na maji baridi, harufu haitoki."

Alipandisha nguo, akaifunga magotini, akaingia ndani ya lile shimo la bata, ambalo Mama alikuwa amelikausha kwa ndoo, akaanza kukanyaga udongo, maji na amase. Nami niliingia, kwa sababu mwenye kosa hukanyaga. Ilikuwa vuguvugu na nzito, ikitushika vifundo vya miguu na kutuachia kwa busu. Nilitarajia uvundo, badala yake ilinuka majani yaliyokatwa, maziwa, mvua iliyo mbali. Kisha alijaza mikono, akasimama mbele ya ukuta, akalirusha donge la kwanza. Pa! Likashika. Pa! La pili. Alipokwisha kurusha alianza kupapasa kwa kiganja, kwa nusu duara, nusu duara, kuanzia chini kwenda juu, kama mtu anayemlaza mtoto mkubwa.

Chumba cha pili, nyuma ya pazia, dada alikuwa ndani, kama ilivyo desturi, haruhusiwi kuonekana, amepakwa liwa na manjano kuanzia paji la uso hadi nyayo. Nyumba nzima ilikuwa inakandikwa. Mama wa maziwa alichungulia mara moja, mikono ikidondoka udongo.

"Na huyu," akauliza, "anakauka siku ngapi?"

"Ijumaa," dada akajibu bila kusogeza midomo, manjano yasipasuke. "Mimi na ukuta pamoja."

Ndipo Baba mkubwa alipokuja, kabla ya siku yake. Alikuwa anapita tu, alisema. Alisimama kizingitini. Pua yake ikafanya kazi kabla ya macho.

"Nini hiki?"

"Ukuta, shemeji," Mama akasema.

"Nakuuliza harufu."

Mama wa maziwa akageuka kwa fahari, yuko juu ya kigoda, mikono ya kijani mpaka viwikoni. "Ni amase, mzee, ya leo leo. Ng'ombe yangu hali takataka."

Baba mkubwa alirudi nyuma hatua mbili akikusanya kanzu yake kwa mikono yote miwili, kama mwanamke anayevuka mto.

"Najisi! Shemeji! Katika ukuta wa kibla! Watu wazima waje na udhu wao na kanzu zao nyeupe waegemee samadi! Hapana. Hapana, basi, limekwisha. Mikeka inapanda Nyamirambo."

Mama alikuwa amejiandaa kwa maneno mengi, lakini kwa hili yeye mwenyewe aliamini alivyoamini shemeji yake. Niliona mikono yake ikitafuta kitu cha kushika.

"Baba mkubwa, shikamoo," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Marahaba. Bibi harusi hasemi."

"Sisemi. Nauliza swali la chuoni tu. Najisi ikiwa kavu, na nguo ikiwa kavu, zikigusana, nguo inanajisika?"

Baba mkubwa alikuwa ametufundisha chuoni miaka sita, yeye na kifimbo chake cha mlimao, na sheria hiyo tuliikariri kwa kuimba, watoto arubaini kwa pamoja, hadi wapita njia wakaijua. Sasa ilikuwa imemrudia, imepakwa manjano.

"Nguo..." alisema, akatazama dari. Haki ilikuwa imemshika kanzu tena. "Kikavu kwa kikavu, hainajisiki." Alisema kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya mwanawe. "Lakini kikavu! Kikavu kabisa! Unyevu wa tone moja, basi, hukumu imegeuka."

"Alhamisi utakuwa mkavu," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Alhamisi nitakuja na leso nyeupe. Nitaugusa ukuta wote, shubiri kwa shubiri. Leso ikipata doa moja, mikeka inapanda."

"Njoo na leso kubwa," Mama akasema.

Usiku huo mvua ilianza, na Jumatano ilinyesha kutwa kama vile imeajiriwa Nyamirambo. Mama alipita nyumba kwa nyumba akiazima mbabura, yale majiko yetu madogo ya makaa. Akarudi na nane. Tuliyapanga mbele ya ukuta kama waumini katika safu, tukayawasha, tukaacha mlango na dirisha wazi tusijiue kwa hewa ya makaa. Chumba kikawa tanuri. Mimi nilipepea kwa ungo mpaka mabega yakafa ganzi. Nyuma ya pazia dada alilalamika kwamba manjano yanamtiririka, ataolewa na rangi mbili. Ukuta ulitoa mvuke. Asubuhi ulikuwa na mabaka ya rangi ya chai, kisha ya mkate, na saa sita za mchana Alhamisi mama wa maziwa aliupiga kwa kofi, akasikiliza, akasema, "Sasa inaongea vizuri." Akaupaka ingwa, ule udongo mweupe kama unga, na sebule yetu ikawa na nuru ambayo sijaiona kwenye nyumba yoyote ya saruji. Haukunyooka. Ulikuwa na mawimbi ya viganja vyake, na mwanga ulipita juu yake ukipanda na kushuka kama unapumua.

Mahali pamoja tu palikataa. Chini ya dirisha, ambapo mvua ilikuwa imeingia kwa upepo, kulikuwa na doa la ukubwa wa sinia. Tulilisogezea mbabura tatu. Lilififia, likarudi. Ingwa iliyokuwa juu yake ilibaki ya kijivu, na ukiweka kidole kinatoka na ubaridi na alama.

"Saa ngapi?" Mama akauliza.

"Alasiri imeshapita."

Kikohozi cha Baba mkubwa kikasikika uchochoroni. Alikuwa na kikohozi cha kubisha hodi. Mama alishika sanduku alisukume mbele ya doa, akaliacha. Chumba kilikuwa kitupu kwa ajili ya mikeka, na sanduku moja peke yake chini ya dirisha lingeuliza maswali. Alinitazama. Sikuwa na kitu. Nilikuwa nimesoma riwaya zisizopungua mia moja na hakuna hata moja iliyokuwa na ushauri.

Mama wa maziwa alikuwa amekaa kwenye mkeka akinywa chai. Aliweka kikombe chini. Akainuka bila haraka, akavuka chumba, akaketi chini ya dirisha, akanyoosha miguu mbele, na kuuegemeza mgongo wake mrefu barabara katikati ya lile doa. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa rozari, akafumba macho.

Baba mkubwa aliingia. Alivua viatu. Alitoa leso, nyeupe kweli, imepigwa pasi. Alianza pembeni mwa mlango: anaiweka leso ukutani, anaikandamiza kwa kiganja, midomo inahesabu mpaka kumi, anaitoa, anaitazama huku, anaitazama kule. Shubiri moja. Shubiri ya pili. Ingwa haikuacha alama, maana leso nyeupe na ukuta mweupe hawana la kushitakiana. Mama alisimama katikati ya chumba, na kila leso ilipotoka ukutani kifua chake kilishuka. Baba mkubwa akafika katikati, akapita katikati, akafika chini ya dirisha. Akasimama.

"Mama, samahani," akasema.

"Ndakuramutsa Mariya..." mama wa maziwa akanong'ona, akaendelea na maneno yake, vidole vikitembea.

Baba mkubwa akatugeukia.

"Anasali," Mama akasema kwa sauti ya chini.

"Naona."

Alisubiri. Huyu ndiye mtu aliyewahi kututandika viboko sote kwa sababu mtoto mmoja alikatiza mbele ya bibi aliyekuwa anaswali. Kumwambia mtu aliye mbele ya Mola wake asogee, awe wa dini gani, lilikuwa jambo ambalo mdomo wake haukulijua. Na kupeleka mkono karibu na bega la mwanamke asiye wake lilikuwa jambo jingine. Akaketi kwenye mkeka, akikabiliana naye. Baada ya muda akatoa tasbihi yake mwenyewe. Wakawa wawili, kila mmoja na shanga zake, kila mmoja na midomo yake, na mvua nje ikiwa ya tatu.

Shanga za mama wa maziwa zilifika mwisho wa fungu. Baba mkubwa akainua kichwa. Mama wa maziwa akavuta pumzi, akaanza fungu jingine. Kichwa cha Baba mkubwa kikainama tena.

"Maombi yao yana mafungu mangapi?" akaninong'oneza.

"Matano, nadhani, Baba mkubwa."

"Hili la ngapi?"

"La sita."

Alinitazama kwa muda mrefu. Mimi niliutazama mkeka. Nyuma ya pazia kitu kilicheka, kikajifanya kukohoa. Mama wa maziwa, nilimwona, alikuwa anatetemeka kidogo. Ubaridi ulikuwa umemwingia mgongoni kupitia nguo. Lakini sauti yake haikutetemeka. Sijawahi kuuliza alikuwa akiomba kweli au akitusaidia tu. Nadhani kwake hayakuwa mambo mawili.

Adhana ya Magharibi ikatoka msikitini. Magharibi haingoji, ndiyo swala yenye wakati mfupi kuliko zote, alitufundisha mwenyewe. Baba mkubwa akainuka, magoti yakalia. Alisimama mbele ya mwanamke yule, leso mkononi, akamtazama, na hapo nikaona anachokitazama. Pembeni mwa bega la mama wa maziwa, upana wa kidole, ukingo wa doa ulikuwa umejitokeza, wa kijivu na unaong'aa.

Mama naye aliona kwamba ameona. Aliivuta kanga mpaka mdomoni, akamtazama shemeji yake machoni, jambo ambalo katika miaka yote sikuwahi kumwona akilifanya. Nyumba ya baba, na siku yote ya kesho, vilikuwa katika kile kiganja chenye leso.

Baba mkubwa aliikunja leso mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni.

"Shemeji," akasema, "waambie watu waje hapa kesho baada ya swala."

Mama aliinamisha kichwa. Hakuweza zaidi ya hapo. Baba mkubwa akaenda mlangoni, akavaa viatu, akachukua fimbo yake, akasimama kizingitini akiutazama uchochoro uliojaa maji.

"Na huyo mama," akasema bila kugeuka, "akimaliza, mwambieni ainuke polepole. Asije akaenda Kinyinya na ukuta wetu."

Akatoka, kanzu ameishika juu ya matope, na Mama akafunga mlango nyuma yake.